Kukadiria Taka na Maji ya Parokia bila Kujidanganya

Tangu Waraka wa Kitume Laudato si' wa mwaka 2015, parokia zinazotaka kujua kiasi cha gesi joto zinachozalisha kwa mwaka hazioni shida katika umeme na mafuta ya gari, kwani risiti zipo. Ugumu huanzia kwenye taka na maji. Hapo wengi huandika sifuri, na sifuri hiyo si kweli.

Kwa majuma mawili ya kawaida, taka za jikoni, za ofisini na za uwanjani zipimwe kwa mizani, kila aina peke yake. Kutenganisha kuna uzito kuliko kilo zenyewe: mabaki ya chakula yakifukiwa dampo pasipo hewa hutoa methani, gesi ambayo katika miaka 100 huipasha dunia joto takribani mara 28 kuliko uzito uleule wa hewa ukaa. Maganda wanayolishwa nguruwe wa parokia hayaendi dampo, basi yasihesabiwe humo. Tuseme wastani ni kilo 40 kwa juma; kwa mwaka ni kilo 2,080. Sherehe ya somo wa parokia, pamoja na chupa zake zote za plastiki, ipimwe siku yake na kujumlishwa mwishoni. Ukiichanganya katika juma la wastani, umeiadhimisha mara nyingi mno!

Penye mita ya maji, isomwe tarehe ileile kila mwezi. Pasipo mita, tangi la lita 5,000 likijazwa mara tatu kwa juma ni mita za ujazo 15, yaani 780 kwa mwaka. Gesi joto ya maji hutokana kwa sehemu kubwa na nishati ya kuyasukuma na kuyasafisha. Kwa hiyo, ikiwa kisima ni cha parokia na pampu yake hutumia LUKU ya parokia, nishati hiyo imekwisha kuhesabiwa kwenye umeme. Maji ya bomba la mji au ya boza ndiyo yanayodai mstari wake.

Kiasi kilichopatikana huzidishwa kwa kizidishio cha gesi joto. Serikali ya Uingereza hutoa orodha ya vizidishio kila mwaka, na taasisi nyingi za nje huiazima, ingawa tarakimu zake za maji zinafuata mitambo na umeme wa huko. Kilichoazimwa kiandikwe kuwa kimeazimwa, na kando ya kila kiasi iandikwe kama kimepimwa au kimekadiriwa, ili mwakani Halmashauri ya Walei ifuate njia ileile.