Mashine zikifa, watalii hufuata nini? Kutoka makaburi ya ndege hadi ghuba ya Liuli

Ndege ikizeeka haitupwi hovyo kama baiskeli mbovu nyuma ya nyumba. Nyingi hupelekwa jangwani, zikapangwa safu kwa safu. Maeneo hayo huitwa makaburi ya ndege, na wapo watu wanaosafiri mbali na kulipa kiingilio ili wayaone.

Ukanda wetu wa Ziwa Nyasa hauna kaburi la ndege. Lakini Liuli, kaskazini mwa Mbamba Bay, kuna ghuba yenye historia ya mashine ya vita inayojulikana duniani kuliko inavyojulikana na vijana wengi wa Mbinga na Nyasa. Makala hii inaeleza mambo hayo mawili, na faida ambayo wenyeji wanaweza kuipata.

Kwa nini jangwani?

Adui wa mashine ni unyevu. Mkulima wa Mbinga anajua kwamba kahawa isiyokauka vizuri huota ukungu. Mvuvi naye huanika usipa juani kwa sababu hiyo hiyo. Ndege iliyoegeshwa mahali penye unyevu huliwa na kutu, na nyaya zake huharibika.

Kaburi la ndege kubwa kuliko yote liko Davis-Monthan, kambi ya jeshi la anga karibu na mji wa Tucson, jimbo la Arizona, Marekani. Lilianza kutumika kuhifadhi ndege mwaka 1946, baada ya Vita Kuu ya Pili. Hewa ya pale ni kavu, mvua ni chache, na ardhi ni ngumu kiasi kwamba ndege nzito huegeshwa bila lami.

Ndege ikifika, mafuta hutolewa, mianya huzibwa na vioo hufunikwa kwa rangi nyeupe ili joto lisiingie. Nyingine hurudi angani. Nyingine hutolewa vipuri kidogo kidogo, kisha mwili wake huyeyushwa. Wakati wa korona mwaka 2020, hata ndege zilizokuwa bado nzima ziliegeshwa Teruel, Hispania, na Alice Springs, Australia, zikisubiri abiria warudi.

Mtalii anaingiaje?

Davis-Monthan ni kambi ya jeshi, hivyo huwezi kuingia tu kwa miguu. Kwa miaka mingi wageni walipelekwa kwa basi na makumbusho ya jirani yaitwayo Pima, wakiwa na mtu wa kuwaeleza kila ndege ilifanya kazi gani. Makumbusho hayo yalifunguliwa mwaka 1976 na yana mamia ya ndege zake yenyewe.

Hapo ndipo penye somo. Mgeni halipii chuma tu. Analipia ruhusa ya kuingia, njia salama na maelezo.

Liuli ilitokea nini?

Wakati wa utawala wa Wajerumani, Liuli iliitwa Sphinxhafen, kutokana na mwamba wa pale uliowakumbusha sanamu maarufu ya Misri. Walikuwa na meli ya mvuke iitwayo Hermann von Wissmann, iliyoletwa vipande vipande na kuunganishwa miaka ya 1890.

Agosti 1914, siku chache baada ya Vita Kuu ya Kwanza kuanza Ulaya, meli hiyo ilikuwa imepandishwa ufukweni kwa matengenezo. Meli ya Waingereza, Gwendolen, ikatokea upande wa pili wa ziwa na kuipiga kwa mzinga. Nahodha wa Kijerumani, Berndt, alikuwa bado hajapata habari za vita. Inasimuliwa kwamba alipanda mashua kwa hasira kwenda kumuuliza nahodha mwenzake Rhoades, rafiki yake wa siku nyingi, kama amelewa. Akatekwa.

Waingereza walirudi Mei 1915 na kuiharibu zaidi. Baadaye meli ilitengenezwa, ikapewa jina la King George V na kuendelea kufanya kazi ziwani chini ya Waingereza. Kwa hiyo mgeni anayefika Liuli leo haikuti meli hiyo. Anakuta ghuba, mwamba na watu wa pale.

Je, bila meli mgeni atakuja?

Tazama meli nyingine mbili za vita hivyo hivyo. Königsberg ilizamishwa delta ya Rufiji mwaka 1915, na mabaki yake yakakatwa kuwa chuma chakavu. Lakini mzinga wake mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, na wageni huuona hadi leo. Graf von Götzen ya Ziwa Tanganyika ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Wako waliosafiri kutoka Ulaya ili tu waipande. Kilichotunzwa kinaendelea kuleta wageni. Chuma kilichouzwa kwa kilo kimeleta pesa mara moja tu.

Wenyeji wafanye nini?

Kwanza, ukikuta kipande cha chuma cha zamani ziwani au shambani, usikimbilie kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Toa taarifa serikali ya kijiji ili ifikishe wilayani.

Pili, kikifanana na risasi au kombora, usikiguse, usikigonge wala usikichome. Zuia watoto, weka alama mbali nacho, kisha ita polisi. Silaha ya zamani inaweza kulipuka hata baada ya miaka mia moja.

Tatu, wazee wasimulie na vijana waandike au warekodi kwa simu: nani alisikia nini kutoka kwa babu yake, na mahali gani panaitwaje. Barabara ya lami sasa inashuka kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, na safari ya kufika ziwani imekuwa nyepesi. Mgeni akifika Liuli na kuuliza meli ilipigwa wapi, kijana wa pale anayeweza kumwonyesha na kumweleza vizuri ana kazi ya kufanya siku hiyo.