Kuweka Hesabu za Shamba Katika "Wingu" la Kompyuta

Msomaji, ukiwa mkulima wa kahawa huko Meru au Embu, unajua thamani ya risiti. Karani hupima kahawa yako kiwandani, huandika kilo katika daftari, nawe hupewa kikaratasi. Siku ya malipo ikifika, kikaratasi hicho ndicho shahidi wako. Je, kikilowa mvua au kikiliwa na mchwa, utadai kwa ushahidi gani? Na daftari la kiwanda likiungua, chama kitajuaje kilo za kila mtu?

Siku hizi watu wengi hujibu kwamba hesabu ziwekwe katika "wingu". Neno hili limewachanganya wengi, kwa hiyo yafaa tulieleze.

WINGU NI KITU GANI?

Hakuna kinachowekwa angani. Wingu ni kompyuta nyingi zilizopangwa katika majumba yenye walinzi, umeme wa akiba na mitambo ya kupoza joto. Wenyewe ni makampuni yanayokodisha nafasi na nguvu za kompyuta hizo, na simu yako huzifikia kwa njia ya intaneti. Kampuni ya Amazon ya Marekani ilianza biashara hii mwaka 2006, na nyingine zikafuata. Microsoft ilifungua vituo vyake Afrika Kusini mwaka 2019, na Amazon ikafungua chake mjini Cape Town mwaka 2020. Kwetu Kenya njia ilipanuka mwaka 2009, nyaya za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa zikipita chini ya bahari.

Wewe mkulima unaufahamu mpango wa namna hii. Hukujenga kiwanda chako mwenyewe cha kumenya kahawa. Unatumia cha chama pamoja na jirani zako, na gharama hukatwa kwa kadiri ya kilo zako. Wingu nalo ni hivyo: hununui kompyuta kubwa, bali unatumia ya mwingine na kulipa kadiri ya matumizi yako. Lakini iko tofauti moja ya kukumbuka. Kiwanda ni mali ya chama, nawe una kura katika mkutano. Wingu ni mali ya kampuni, nawe ni mpangaji tu.

FAIDA ZAKE

Kwanza, kwa mtu mmoja. Mwenye akaunti ya Google hupewa bure nafasi ya gigabaiti 15, pamoja na barua pepe zake. Picha ya ukurasa mmoja wa daftari ikiwa na megabaiti 3, nafasi hiyo yatosha picha kama 5,000. Basi piga picha za risiti zako, hati ya shamba na kadi ya chanjo ya ng'ombe, uziweke humo. Simu ikiibwa sokoni Gakoromone, utanunua nyingine, utaingia kwa anwani yako na neno lako la siri, na picha zako utazikuta.

Pili, kwa chama au duka. Tuseme chama cha maziwa kina vituo vitano. Karani wa kila kituo huandika lita katika simu, na hesabu zote hukutana mahali pamoja. Katibu huziona asubuhi ile ile bila kungoja madaftari yaletwe kwa pikipiki. Programu nzuri huweka pia kumbukumbu ya kila badiliko, ili ijulikane ni nani aliyegeuza 46 kuwa 40, na saa ngapi.

Hata hivyo, kompyuta haijui ukweli wa mizani. Karani akiandika kilo za uongo, wingu litautunza uongo huo vizuri sana. Kwa hiyo endelea kutazama mizani na kudai risiti.

Kuandikwa sawasawa kuna faida kubwa. Mwaka 2023 bei ya mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya ruzuku ilishushwa kutoka shilingi 3,500 hadi 2,500, na wakulima walioandikishwa walipelekewa habari kwa simu. Mtu aliyeandikishwa kwa namba ya simu isiyo yake hawezi kupata habari kama hizo.

HATARI ZA KUANGALIA

Mtandao waweza kukatika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini, na intaneti ikawa ya taabu katika Afrika Mashariki. Siku kama hiyo hesabu zako hazikupotea, lakini huenda usizifikie. Kama uko mahali ambapo mtandao ni hafifu, chagua programu inayoandika kwanza ndani ya simu, kisha ikatuma mtandao ukirudi.

Neno la siri ni kama ufunguo wa ghala. Wengine hufunguliwa akaunti na kijana wa duka la saiba, naye ndiye hubaki na neno la siri. Usikubali hivyo. Akaunti ya chama nayo iwe kwa jina la chama, wala si kwa jina la karani. Karani akiondoka kazini, neno hilo libadilishwe siku ile ile.

Kodi isipolipwa, kampuni yaweza kufunga akaunti na baadaye kufuta vitu vyako. Kabla ya kutia sahihi, kamati iulize: tukitaka kuhama, tutapewaje hesabu zetu, na kwa muda gani?

Tena ujue haki yako. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yakuruhusu kuuliza habari zako zinatumiwaje, kuziona, na kutaka zisahihishwe zikiwa na makosa. Ukidhulumiwa, waweza kupeleka malalamiko kwa Kamishna wa Data.

FANYA HIVI

1. Fungua akaunti wewe mwenyewe, au mwanao akusaidie nawe ukiwapo.
2. Chagua neno la siri refu ambalo si jina lako wala mwaka wako wa kuzaliwa.
3. Piga picha ya kila risiti siku unayoipata.
4. Mara moja kwa mwezi, ingia kwa simu nyingine uone kama picha zimo. Ukimaliza, toka katika akaunti.
5. Daftari la karatasi usilitupe.

Anza sasa, kabla ya mavuno makubwa ya kahawa ya mwezi wa Oktoba hadi Desemba. Na katika mkutano ujao wa chama chako, simama uulize swali hili: daftari letu likiungua leo usiku, kesho tutasoma wapi kilo zetu?