Bei ya gesi na sola: kwa nini hubadilika kila Julai

Msikilizaji wetu mmoja aliuliza hivi kwa ujumbe mfupi: gesi hutoka nje ya nchi, sola pia hutoka nje, sasa wabunge wanahusikaje na bei ya duka la huku kijijini? Wanahusika sana, kupitia VAT, yaani ushuru wa ziada wa thamani.

Serikali husaidia nishati safi kwa njia mbili. Ya kwanza ni kutoa pesa zenyewe, kama ilivyojaribu kwa mradi wa Mwananchi Gas uliokusudia kuuzia familia maskini mitungi ya kilo 6 kwa bei nafuu. Mradi huo ulikwama baada ya mitungi mingi kupatikana na kasoro. Njia ya pili ni kutotoza ushuru. Hii haina sherehe wala utepe wa kukatwa, lakini mara nyingi ndiyo inayofika jikoni kwako. Hata hivyo, shilingi ambayo haikukusanywa haitajenga barabara wala kununua dawa, ndiyo maana Hazina ya Kitaifa huihesabu kama pesa iliyotumika. Hapo ndipo mvutano unapoanza.

Tazama miaka michache tu iliyopita. Mwaka 2020 wabunge walipitisha sheria iliyoondoa msamaha wa VAT kwa vifaa vya sola. Sheria hiyohiyo iliamua kwamba gesi ya kupikia nayo itatozwa, ila kuanzia Julai 2021. Wauzaji wa sola walipiga kelele, na msamaha wao ukarudishwa. Kwa hiyo tarehe 1 Julai 2021, siku moja, sola ilipata nafuu na gesi ikabebeshwa VAT ya asilimia 16. Mwaka 2022 ya gesi ikashushwa hadi asilimia 8. Mwaka 2023 ikawa sifuri, lakini sheria iliyoleta nafuu hiyo ndiyo iliyopandisha VAT ya petroli na dizeli kutoka asilimia 8 hadi 16. Mama anayepikia gesi akapumua, na nauli ya kumpeleka sokoni ikapanda.

Asilimia hizo ni pesa ngapi? Tuseme kujaza mtungi ni shilingi 1,000 kabla ya ushuru. Kwa asilimia 16 utalipa 1,160, kwa asilimia 8 utalipa 1,080. Kwa mtu wa mshahara, 160 ni kidogo. Kwa anayeuza mboga, ni sababu tosha ya mtungi kukaa mtupu kwenye kona na mtoto kurudi kuokota kuni. Kulingana na sensa ya 2019, zaidi ya nusu ya familia nchini zilitegemea kuni kupikia.

Hazina nayo ina hoja yake, na si ya kupuuza. Inauliza: tukisamehe ushuru, nani anahakikisha kwamba mwagizaji ameshusha bei? Bei ya gesi hufuata pia dola na soko la dunia, kwa hiyo ushuru unaweza kuondoka na wewe usione tofauti yoyote dukani. Binafsi naona hoja hiyo inadai wauzaji wakaguliwe. Haitoshi kuwa sababu ya kumrudishia mnunuzi ushuru.

Kuna jambo moja huwachanganya wengi. "VAT sifuri" na "kusamehewa VAT" si kitu kimoja. Bidhaa ikiwa kwenye sifuri, muuzaji hurudishiwa VAT aliyolipa yeye kwa ghala, matangazo na gharama nyingine. Ikisamehewa tu, harudishiwi chochote, naye ataiingiza kwenye bei yako. Mswada wa Fedha wa 2025 ulipendekeza betri za sola zihamishwe kutoka sifuri hadi kusamehewa. Ukisikia neno "kusamehewa" redioni unaweza kudhani ni habari njema, kumbe bei yaweza kupanda.

Mambo haya yana kalenda yake. Mswada wa Fedha hufikishwa bungeni kufikia mwisho wa Aprili. Mwezi Mei kamati ya fedha ya Bunge la Kitaifa husikiliza maoni, na sheria inatakiwa iwe tayari kabla ya Julai. Anayesubiri hotuba ya bajeti mwezi Juni ndipo aanze kulalamika huwa amechelewa. Katiba inalitaka Bunge liwashirikishe wananchi, na maoni yaliyoandikwa hupelekwa kwa Karani wa Bunge la Kitaifa. Si lazima yawe ya Kiingereza, kwani Kiswahili ni lugha rasmi ya Bunge. Andika jina la mswada, kifungu unachokizungumzia, unataka kibadilishwe vipi, kisha eleza unalipa kiasi gani sasa kujaza mtungi au kununua betri.