Maana ya "Kununua" katika Michezo ya Kompyuta

Neno "rahisi" lina maana mbili katika Kiswahili: kisicho kigumu, na kisicho ghali. Kwa mnunuzi wa michezo ya kompyuta, maana hizo haziendi pamoja daima.

Duka la Steam, lililofunguliwa katika intaneti na kampuni ya Valve ya Marekani mwaka 2003, hupunguza bei katika kila majira ya mwaka. Asiye na haraka husubiri, kisha hulinganisha bei ya leo na ile ya chini kabisa iliyopata kutolewa, kwani asilimia ya punguzo peke yake haitoshi kumwongoza. Nyongeza za mchezo nazo sharti zihesabiwe: The Sims 4 hutolewa bure tangu Oktoba 2022, bali nyongeza zake nyingi huuzwa.

Lililo zito zaidi ni kitenzi "kununua" chenyewe. Anunuaye kitabu aweza kukiuza au kukirithisha. Anunuaye mchezo katika Steam hupata ruhusa ya kuutumia tu. Sheria ya California iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025 huwalazimu wauzaji wa namna hiyo kulitamka jambo hilo waziwazi. Duka la GOG, lililoanzishwa nchini Poland mwaka 2008, humwezesha mteja kupakua mchezo na kuuhifadhi mwenyewe, bila kuhitaji tena idhini ya duka.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei, yafaa kuuliza ni kitu gani hasa kinachouzwa.