Ungekuwa wewe ungemchagua nani? Drafti ya NBA inavyotugombanisha Voi

Ukitamka neno drafti pale Voi mjini, mzee yeyote aliyekaa kivulini atakuonyesha ubao na vifuniko vya soda, akuulize unachukua upande gani. Lakini ingia kwa kinyozi ambaye runinga yake haionyeshi mpira wa Uingereza pekee, utasikia drafti nyingine kabisa. Utasikia Dybantsa, Peterson, Boozer. Utasikia mtu ambaye safari yake ndefu ni Voi-Mombasa na kurudi akikueleza, huku nusu ya kichwa imenyolewa, kwa nini kijana wa miaka 19 aliyeko Kansas hafai kwa "timu yetu". Timu yetu! Utadhani ana hisa.

Na wewe usicheke, maana najua uko na yako.

Kwa yule aliyefika sasa hivi, mambo ni hivi. NBA ina timu 30. Kila mwaka, mwezi wa Juni, zinakaa chini na kuchagua vijana wapya kwa zamu, raundi mbili, wengi wao kutoka vyuo vya Marekani na wengine kutoka ligi za ng'ambo. Kijana hachagui aende wapi. Anachaguliwa, anavaa kofia, anapiga picha, anahama. Na hapa ndipo watu wengi hushangaa: timu zilizofanya vibaya ndizo zinazochagua kwanza. Fikiria jinsi wanafunzi wa Gredi ya 10 walivyopangiwa shule juzi, halafu geuza kila kitu juu chini. Ile shule ndogo inayoshika mkia kila mwaka ndiyo inaitwa mbele, inaambiwa chukua mwanafunzi bora nchini, nyinyi wakubwa subirini.

Tamu, sivyo? Ila Wamarekani waligundua mapema kwamba ukimpa zawadi anayeshindwa, watu watashindwa makusudi. Ndiyo maana kuna bahati nasibu. Timu 14 zilizokosa mechi za muondoano zinaingizwa, mipira midogo iliyoandikwa nambari inazungushwa kwenye mashine, na nafasi 4 za kwanza zinatoka hapo. Timu tatu mbovu kabisa zina uwezekano wa asilimia 14 kila moja. Si kubwa vile. Waulize Utah Jazz. Msimu wa 2024-25 walishinda mechi 17 pekee kati ya 82, wa mwisho kabisa kwenye ligi nzima, wakaangukia nambari 5. Nani akatoka wa kwanza? Dallas, waliokuwa na asilimia 1.8. Dallas hao hao ambao miezi mitatu kabla walikuwa wamempeleka Luka Doncic kwa Lakers, na mashabiki wao wakalia kama watu wa msibani. Wakapewa Cooper Flagg. Na mwaka huo huo, upande wa wanawake, timu ya Dallas pia ilichagua wa kwanza, ikamchukua Paige Bueckers. Kuna miji ina nyota, manze.

Sasa kuna jamaa yangu mmoja wa Bulls. Ubulls wake ulianzia sokoni, kwenye jezi nyekundu ya mitumba aliyoinunua akiwa darasa la sita, na tangu hapo hajapona. Huyu ndiye mtu mwenye huzuni kuliko wote Taita Taveta. Timu yake ilimaliza na ushindi 39 na vipigo 43 msimu wa 2023-24. Msimu uliofuata, 39 na 43 tena. Si nzuri ya kutisha, si mbaya ya kupata zawadi. Iko pale katikati kama matatu imejaa nusu, haiondoki na haikurudishii nauli.

Yeye anataka washindwe. Makusudi kabisa. Anasema afadhali mwaka mmoja wa aibu kuliko kumi ya katikati. Tukimwambia bahati nasibu inaweza kumtupa, anatutajia 2008, mwaka ambao Bulls walikuwa na asilimia 1.7 tu na bado wakapata nafasi ya kwanza, wakamchukua Derrick Rose, mtoto wa Chicago yenyewe. Miaka mitatu baadaye Rose akawa mchezaji bora wa ligi akiwa na miaka 22, mdogo kuliko yeyote kabla yake. Kwa hiyo jamaa anaishi na ile 1.7 kama mtu aliyeshinda beti moja zamani na hajaacha kuweka hamsini tangu siku hiyo.

Lakini bishano kubwa, lile linalofanya kinyozi azime mashine ili asikize vizuri, ni hili: uchukue kijana bora aliyebaki, ama uchukue yule anayeziba pengo lako?

Hapo lazima jina la Hasheem Thabeet litajwe. Kijana wa Dar es Salaam, zaidi ya futi 7, aliyezuia mipira pale chuo cha Connecticut mpaka watu wakaogopa kukaribia goli. Mwaka 2009 Memphis wakamchagua nambari 2. Nyuma yake walikuwa wamesimama James Harden, aliyechaguliwa nambari 3, na Stephen Curry, nambari 7. Soma tena sentensi hiyo polepole. Memphis tayari walikuwa na Marc Gasol katikati, mtu mrefu mwingine, kwa hiyo Thabeet akafika nyumba ambayo kitanda kina mwenyewe. Kabla msimu wake wa kwanza kuisha wakamteremsha ligi ya chini. Alipomaliza NBA wastani wake ulikuwa pointi 2.2 kwa mechi.

Kila mwaka, drafti ikikaribia, kuna mtu atamtaja ili watu wacheke. Mimi hapo huwa sikubali. Thabeet hakujichagua. Kuna watu waliolipwa mishahara, wenye kanda za video na madaktari na tarakimu, walioketi chumbani wakasema "huyu". Yeye alifanya alichotakiwa kufanya: alitoka Dar, akajifunza mchezo akiwa amechelewa, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Ukitaka kumlaumu mtu, laumu walioona urefu wakaacha kuona mengine. Na usiniambie wewe usingefanya hivyo. Hapa kwetu mtoto akipita futi 6 tu, mtaa mzima unamwambia acheze basket, hata kama anapenda kuchora.

Upande wa pili wa bishano una Jonathan Kuminga. Mzaliwa wa Goma, mji ambao Kiswahili chake wewe na mimi tungekielewa bila mkalimani. Golden State walimchukua nambari 7 mwaka 2021, na nambari 8 ikawa Franz Wagner, aliyeenda Orlando. Nani alistahili? Tumegombana juu ya hii mpaka mtu akaondoka bila kulipia kunyolewa. Kuminga alipata pete ya ubingwa 2022 akiwa mwaka wake wa kwanza. Wagner akapata timu iliyompa mpira na dakika. Moyo wangu uko Goma. Kichwa changu kiko Orlando. Na ukiniuliza saa hizi nitakujibu na moyo.

Halafu kuna kitu hiki ambacho sina maelezo yake, nakupa tu ukakitumie kwa mabishano. Nambari 7 ni ya kwetu. Luol Deng, mzaliwa wa Sudan Kusini ya leo: 7, mwaka 2004. Bismack Biyombo wa Lubumbashi: 7, mwaka 2011. Emmanuel Mudiay wa Kinshasa: 7, mwaka 2015. Kuminga: 7, 2021. Jamaa wa Bulls anasema ni mkono wa Mungu. Mimi nasema ni kwamba ikifika nambari 7 timu zimechoka kuogopa, ziko tayari kujaribu kitu.

Mwaka jana ilikuwa 10, na hii ndiyo hadithi ningependa uishike. Khaman Maluach alizaliwa Rumbek, Sudan Kusini, akakulia Kawempe, Kampala, familia yake ikikimbia vita. Amesimulia mwenyewe kwamba alikuwa akitembea barabarani, mtu wa pikipiki akasimama kando yake na kumwambia, wewe ni mrefu, nenda ucheze basket. Hivyo tu. Mazoezi ya kwanza akaenda na Crocs, kwa kuwa hakuwa na raba zinazomtosha. Baadaye akaingia akademia ya NBA iliyoko Saly, Senegal, akacheza Ligi ya Afrika, BAL, akiwa bado mwanafunzi, mara moja akiwa na City Oilers ya Uganda. Akiwa na miaka 17 alikuwa Olimpiki ya Paris na Sudan Kusini. Mwaka mmoja chuo cha Duke, na Juni 2025 jina likasomwa, akaishia Phoenix.

Mtu wa pikipiki. Hebu hesabu wewe uwezekano wake.

Sasa nikuulize wewe unayesoma hii ukiwa Mwatate, Wundanyi, Sagalla ama Taveta. Hapa kwetu drafti iko wapi? Hakuna mipira 14 kwenye mashine. Hakuna mtu anayetafuta timu iliyoshika mkia ili aipe zawadi. Kuna michezo ya shule ya muhula wa kwanza. Shule yako ikitolewa kaunti-ndogo, mwaka wako umeisha ndani ya siku chache, na mtoto mrefu mwenye mkono mzuri anarudi darasani bila kocha yeyote wa maana kumwona. Shule ikipita inaenda kaunti, kisha Pwani, na huko ndiko makocha wa shule kubwa huangalia nani wa kumpa nafasi na karo. Kwa wasichana njia imefunguka kidogo zaidi, kwa sababu Kaya Tiwi ya Kwale ina jina linalojulikana nchini na msichana wa Pwani ana kitu cha kuota kilicho karibu. Juu ya hapo kuna KPA kule Mombasa, kilomita kama 150 kutoka Voi, timu ya bandari ambako mpira na ajira vimekaribiana. Kuna vyuo vya Nairobi. Na tangu 2025, Nairobi City Thunder walipokuwa klabu ya kwanza ya Kenya kucheza BAL, kuna ngazi nyingine ambayo wakubwa wetu hawakuwa nayo.

Mtoto wa Taveta ndiye namfikiria zaidi. Moshi iko karibu naye kuliko Voi. Akitaka mechi nzuri ya kirafiki, labda avuke mpaka wa Holili kuliko kupanda gari zaidi ya kilomita 100 kuja kwetu. Yeye akiwa na kipaji, anahesabiwa wapi?

Hiki ndicho kinachoniudhi na sisi wa kwa kinyozi, na nasema sisi. Tunajua Darryn Peterson amekosa mechi ngapi kwa majeraha. Tunajua baba yake Cameron Boozer, Carlos, alichaguliwa nambari 35 mwaka 2002 na bado akawa nyota. Ukituuliza nani alifunga pointi nyingi kwenye fainali ya kaunti, kimya. Mechi ilichezwa kilomita mbili kutoka hapo tulipokaa, kiingilio bure, na kati yetu aliyeenda ni mmoja, tena alifuata dada yake.

Macho tunayo. Kubishana miaka yote hii kumetufundisha kuangalia miguu ya mlinzi, kuona kama mtu anarusha vile vile akichoka. Simu tunazo. Mtoto wa Form Three akirekodiwa mechi nzima, si zile dankì tano zilizokatwa na kuwekewa muziki, hiyo video inaweza kufika kwa kocha Mombasa leo jioni. Andika urefu wa kweli bila viatu, tarehe ya kuzaliwa, shule. Na umwambie ukweli mmoja ambao mimi niliyeacha chuo karo ilipokata naweza kumwambia bila kuonekana mwalimu: chuo cha Marekani kitaomba alama zako za darasani, hata uwe mrefu vipi. Maluach alipita Duke. Thabeet alipita Connecticut. Hesabu na Kiingereza vilikuwemo.

Ongwae unamkumbuka? Februari 2021, Yaoundé, Kenya dhidi ya Angola, sekunde zikiisha, Tylor Okari Ongwae anarusha mpira unaingia, 74-73, na Morans wanarudi AfroBasket mara ya kwanza tangu 1993. Huyo hakusomewa jina na kamishna yeyote. Hiyo rusho bado naitazama nikiwa na bando.

Haya, umengoja chaguo langu. Dybantsa ni mtamu, na baba yake kutoka Kongo unaongeza utamu, nusu ya Voi imeshamchukua. Jamaa wa Bulls anamtaka Peterson, majeraha na yote, kwa sababu anamkumbusha Rose, jambo ambalo mimi lingenitia hofu. Ningekuwa na nafasi ya kwanza ningemchukua Boozer. Haruki sana, hapendezi kwenye video fupi, lakini kila mechi anaacha pointi na mipira ya kurudi, na sijaona timu inayojuta kuwa na mtu kama huyo. Tumewekeana chipsi na kuku. Raundi ya kwanza huanza saa tisa usiku kwa saa zetu, kwa hiyo chaji simu mapema, na stima ikipotea kama kawaida, usinipigie, na mimi nitakuwa gizani.