Sauti hupungua kabla haijafika kwenye seva

Mwaka 1992 kampuni ya simu ya AT&T ilisambaza Marekani mtambo uliotambua maneno matano tu. Aliyetaka msaada wa opereta alitaja aina ya simu anayoitaka, kwa mfano ile inayolipiwa na anayepigiwa. Lakini watu hawajibu neno moja kavu. Husita, huomba, husema tafadhali. Mtambo ulilazimika kuliopoa neno moja katikati ya maneno hayo yote. Mwaka 1997 watafiti wa MIT wakafungua Jupiter, namba ya bure ambayo mtu aliipigia na kuuliza, kwa maneno yake mwenyewe, hali ya hewa ya miji zaidi ya 500 duniani.

Programu za kutambua usemi ndizo zilizosifiwa. Mimi naona vifaa vinavyoiunganisha seva, yaani kompyuta inayoendesha programu hizo, na laini ya simu vilistahili sifa hizo pia.

Laini ya kawaida ya simu haipitishi sauti nzima. Hupitisha masafa ya kati ya herzi 300 na 3,400, ikiipima sauti mara 8,000 kwa sekunde. Waya wa E1, unaotumika Ulaya na huku kwetu, hubeba mazungumzo 30 kwa pamoja. T1 ya Marekani hubeba 24. Kadi iliyochomekwa ndani ya kompyuta huyatenganisha mazungumzo hayo na kuikabidhi seva kila moja peke yake.

Kazi ngumu zaidi ni mwangwi. Mteja aliyezoea huduma hangoji mashine imalize maelezo, huidakiza. Wakati huohuo sauti ya mashine yenyewe huvuja kwenye laini na kurudi. Bila kinga, seva hujisikia yenyewe, ikadhani mteja ameongea, ikanyamaza katikati ya sentensi. Kadi nzuri hujua sauti iliyotoka, huiondoa kwenye ile inayorudi, na kuibakiza ya mteja pekee. Siku hizi sehemu nyingi simu hufika kwenye seva kwa intaneti bila kadi, lakini mwangwi bado unahitaji wa kuuondoa.

Ufinyu wa masafa ya simu unatugusa sisi wasemaji wa Kiswahili. Rekodi nyingi za kufundishia mashine, zikiwemo za mradi wa Common Voice wa Mozilla, hutolewa na watu wanaosoma sentensi mbele ya kompyuta au simu janja. Sehemu kubwa ya nguvu ya sauti "s" iko juu ya masafa ambayo simu hupitisha. Kwenye laini, "sisi" na "fisi" hukaribiana mno. Mkulima mwenye simu ya vitufe anayeuliza bei ya mahindi anastahili mashine iliyofundishwa kwa sauti iliyopita njia ileile anayoitumia yeye.

Rekodi zilizopo zinaweza kupunguzwa hadi vipimo 8,000 kwa sekunde, na gharama yake ni ndogo. Ila kupunguza huko hakuleti kelele za stendi ya mabasi wala mtandao unaokatika. Hizo lazima zikusanywe kwa kupiga simu halisi, kutoka vijijini na sokoni, kwa ridhaa ya wenye sauti.