Misuli Haipendi Kukaa Bure

Katika mwili wa mwanadamu mna misuli zaidi ya 600. Kwa kijana mwenye afya uzito wa misuli hiyo yote hukaribia asilimia 40 ya uzito wa mwili. Twaitumia kila siku kulima, kucheza mpira, kupanda baiskeli, hata kucheka, lakini wachache wetu hujiuliza imefanywaje na kwa nini hupungua. Nimeandika habari hizi kwa sababu lipo jambo linalonisumbua, nalo ni desturi yetu ya kumwambia mzee au mgonjwa aliyepona, "Wewe kaa tu, usiguse kitu." Neno hilo hutoka katika upendo, lakini laweza kumdhuru yule tumpendaye.

Kwanza tuuangalie msuli wenyewe. Nyama ya ng'ombe ikipikwa sana huchanika kama kamba ya katani. Vile vipande vyembamba ni mafungu ya nyuzi za msuli. Kila uzi ni seli moja, lakini seli ya ajabu, maana yaweza kuwa na urefu wa sentimeta nyingi, na ndani yake mna viini vingi sana badala ya kimoja. Sababu ni kwamba mtoto anapoumbwa tumboni mwa mama yake, seli ndogo ndogo hujipanga, kisha huungana zikawa kitu kimoja, kila moja ikileta kiini chake. Azaliwapo, idadi ya nyuzi zake huwa imekwisha kukamilika karibu yote. Kwa hiyo kijana anapotanuka kifua na mikono, hakuongeza nyuzi nyingi mpya. Ni zile zile za utotoni zilizokuwa ndefu na nene.

Ndani ya kila uzi mna vijiuzi vya protini vya namna mbili, aktini na miosini. Zamani wengi walidhani kwamba msuli unapovuta, vijiuzi hivyo hujikunja. Mwaka 1954 makundi mawili ya wataalamu yalieleza kwa wakati mmoja kwamba sivyo. Kundi moja lilikuwa la Andrew Huxley na Rolf Niedergerke, la pili la Hugh Huxley na Jean Hanson. Walionyesha kwamba vijiuzi hivyo huteleza na kupishana, bila wenyewe kufupika. Ukitaka kuliona jambo hili, ingiza vidole vya mkono mmoja katikati ya vidole vya mkono wa pili, kisha sukuma mikono ikaribiane. Vidole havikupungua urefu, ila mikono imesogeleana. Hivyo ndivyo msuli uvutavyo mfupa.

Sasa, msuli hupataje nguvu? Protini zake hazikai kama matofali ya nyumba yaliyokwisha kujengwa. Kila siku nyingine huvunjwa na nyingine hutengenezwa. Msuli ukipewa kazi nzito kuliko ulivyozoea, na mwenyewe akala chakula cha kutosha, kujenga huzidi kuvunja, na uzi hunenepa. Tena, mwaka 1961 Alexander Mauro wa New York, alipokuwa akitazama msuli wa mguu wa chura kwa darubini ya elektroni, aliona seli ndogo zilizojibana kando ya nyuzi. Baadaye ilijulikana kwamba hizo ni kama mafundi waliolala. Uzi ukiumia huamka, huongezeka, na huungana na uzi ili kuutengeneza.

Mtu aliyetufundisha namna njema ya kuongeza kazi hiyo ni Daktari Thomas DeLorme wa jeshi la Marekani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili askari wengi walilala hospitali na magoti yaliyoumia, na mapaja yao yakawa membamba. Desturi ilikuwa kuwapa mazoezi mepesi ya kurudia mara nyingi. DeLorme aliwapa uzito mkubwa wa kuinua mara chache, na kila walipopata nguvu akauongeza kidogo. Mwaka 1945 alitangaza habari za kazi yake, na hata leo walimu wa mazoezi hufuata njia hiyo. Sisi tungesema haba na haba hujaza kibaba.

Lakini hapa ndipo wenzetu wengi hukata tamaa. Huinua vyuma majuma matatu, wakajitazama kiooni, wakaona mkono ni ule ule, basi wakaacha. Wasilolijua ni kwamba katika majuma ya kwanza nguvu huongezeka zaidi kwa sababu ubongo na neva hujifunza kuziamsha nyuzi nyingi kwa pamoja. Unene hufuata nyuma. Aachaye katika juma la tatu ni kama mkulima ang'oaye mbegu kutazama kama imeota.

Tena, msuli hujifunza kazi ile unayoupa. Zipo nyuzi za haraka, zenye nguvu nyingi lakini zichokazo upesi, na nyuzi za polepole, zivumiliazo. John Akii-Bua wetu wa Uganda, aliyeshinda mbio za mita 400 za kuruka viunzi huko Munich mwaka 1972, alihitaji nguvu ya ghafula. Joshua Cheptegei, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 5,000 na ya mita 10,000 mwaka 2020, alihitaji pumzi ya muda mrefu. Mwaka 1967 John Holloszy wa Marekani alionyesha kwamba panya waliozoezwa kukimbia muda mrefu waliongeza mitokondria za misuli yao, yaani vile vinu vidogo vya kutengeneza nguvu kwa msaada wa oksijeni. Ndiyo sababu ainuaye vyuma tu hatashinda mbio za nyika.

Na msuli usipopewa kazi? Mwaka jana mwenzetu mmoja alivunjika mguu katika mpira. Plasta ilipotolewa baada ya majuma sita, sote tulishangaa kuona paja lile jembamba kuliko la pili, ingawa alikuwa akila vizuri. Waendao angani hupatwa na jambo hilo hilo, kwa kuwa huko miguu haibebi uzito wa mwili. Kwa hiyo katika kituo cha kimataifa cha anga hufanya mazoezi kama saa mbili kila siku.

Wazee nao hupungukiwa na misuli mwaka hadi mwaka. Je, hakuna dawa? Mwaka 1990 Daktari Maria Fiatarone na wenzake wa Boston walitangaza habari za wazee 10 wa kati ya miaka 86 na 96, waliozoezwa kuinua uzito kwa miguu kwa muda wa majuma 8. Wazee 9 walimaliza. Nguvu ya mapaja yao iliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, ingawa unene wa misuli uliongezeka kwa asilimia 9 tu. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, lakini misuli, hata ya mtu wa miaka 90, bado hukunjika.

Niliposoma hayo nilimfikiri bibi yangu. Aliugua malaria akalala karibu mwezi mzima, na alipopona hakuweza kuinuka kitini bila kushikwa. Nyumbani kila kitu alitendewa. Nilimwuliza muuguzi wa zahanati, naye akasema kwamba kwa kuwa homa imekwisha, ni vema ainuke na kuketi mara kadhaa kila siku, mtu akiwa karibu naye. Baba mdogo hakupendezwa. Alisema, "Unataka watu waseme tunamtesa mama yetu?" Nilimjibu kwa adabu kwamba kumtunza mama ni pamoja na kuitunza miguu yake. Bibi mwenyewe ndiye aliyekata shauri. Alisema, "Mwacheni mjukuu wangu. Mimi nimechoka kubebwa." Likizo ilipokwisha aliweza kuinuka peke yake na kwenda mpaka jikoni, huku mkono mmoja ukishika ukuta. Baba mdogo bado hajakubali, lakini hamzuii tena.

Sisemi kwamba mwenye homa kali aamshwe kitandani, wala kwamba kila mzee abebe vyuma. Mgonjwa na aulize kwanza kwa daktari au muuguzi. Ninalosema ni kwamba ruhusa ikishapatikana, tusimnyang'anye mzee jembe dogo, ufagio wala safari fupi ya kwenda kwa jirani. Mwachie kazi aiwezayo, nawe kaa karibu asije akaanguka.